Yah: Maombi ya Fulana ya Mei Mosi

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nashukuru kwa fulana na kofia za mwaka huu. Kabati langu sasa lina kaulimbiu nyingi kuliko mashati.

Barua yako ya kunipandisha daraja nayo ilifika salama. Ina mhuri, ina saini, ina mshahara mpya. Benki tu ndiyo haijapata habari. Nimeambiwa tatizo ni mfumo. Makato ya bima, ya chama na ya Bodi ya Mikopo, ajabu, mfumo huohuo hauyasahau.

Kwa hiyo naomba fulana za mwakani zichapwe mgongoni, kama jezi, malimbikizo ya kila mtumishi. Tarakimu ziwe kubwa, mgeni rasmi azisome toka jukwaani bila miwani. Maandamano yapangwe kwa deni: wanaodai laki laki watangulie na bendi, wenye mamilioni wafunge msafara, mshereheshaji akitaja jina na kiasi. Madai ya uhamisho na likizo yakae mikononi. Wastaafu wapewe mikono mirefu, nafasi isije ikaisha. Mfanyakazi hodari apewe namba 10, pamoja na cheti chake cha kila mwaka. Na kwa kuwa uhakiki mnaupenda, mhakiki apite mstarini na kalamu, atie tiki mgongo kwa mgongo.

Tukiwa kwenye uhakiki: mwaka 2016 madaraja yalisimamishwa ili watafutwe watumishi hewa. Sawa. Lakini hewa alikuwa akilipwa kila mwezi bila kuandika barua hata moja! Sisi wenye miili, chaki na madaftari ya kusahihisha usiku ndio tukaambiwa tusubiri. Wapo waliosubiri mpaka wakastaafu, na kikokotoo cha mafao kikachukua mshahara uleule mdogo uliokuwepo. Hao mtawarudishia nini? Kofia?

Niwie radhi, Mkurugenzi. Tuendelee.

Naomba pia PEPMIS, mfumo wa utendaji unaonipima mimi kwa bando langu, uwe na ukurasa wa kumpima mwajiri. Na mwalimu wa Historia aliyepewa Fizikia arudishiwe Historia yake, kabla wanafunzi hawajaanza kumsaidia.

Fulana yangu iwe XL. Mimi ni mwembamba. Tarakimu ndizo nene.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu,
TGTS E (kwa barua),
TGTS D (kwa benki).