Namna ya Kukwepa Mawe Yenye Masikio

Mtu wa Bulembia hafundishwi mawe. Sisi mawe hutufuata nyumbani. Mei 2013 Mto Nyamwamba uliyang'oa huko Rwenzori, ukayabiringisha hadi Kilembe na kuyagawa bila hodi, hospitali nayo ikapata fungu lake. Mei 2020 ukarudi tena, nadhani kukagua kama tumeyapanga vizuri. Kwa hiyo siku utakayoteremka Ziwa George na kuamua kupiga kasia mwenyewe, nenda kifua mbele. Kifua ndicho chombo cha kwanza cha usafiri wa majini. Jaketi okozi usivae, litakifunika.

Chombo cha pili ni hesabu. Ziwa George lina kina cha wastani wa meta 2.4 tu. Maana yake, mtu akisimama mabegani mwa mwenzake anapumua vizuri kabisa. Kazi iliyobaki ni kukubaliana mapema nani atakuwa chini. Usiulize sakafu ya ziwa ni ya nini. Ni tope. Nyamwamba huishia humo humo, ila mawe makubwa huchoka njiani, kinachofika ziwani ni uji wake.

Macho yaache pwani, hayana kazi. Maji ya ziwa hili yamejaa mwani, ni kijani kama sombe iliyotwangwa. Zamisha mkono hadi kiwiko uone kama utaviona vidole vyako.

Sasa njia. Mimi nilipofika Kahendero nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ameunyoosha wavu kwa kidole gumba cha mguu, anaushona. Nikamuuliza, kwa adabu ya mtu anayejua jibu tayari, "Mzee, mawe ya huku yako upande gani?"

"Asubuhi yalikuwa pale kwenye mafunjo," akasema. "Sasa sijui yamekwenda wapi."

"Mawe yamekwenda?"

"Jua likipanda yanahama, mtoto wangu."

Nikamhurumia. Uzee ni kitu kibaya. Hatua hii usiiruke: mwenyeji akikupa habari nzima kwa sentensi mbili, mhurumie na uende zako.

Ukishaachana naye, tegemea ramani. Ramani za huku ni za kuaminika sana. Ziwa Edward, linaloungana na hili kwa Mfereji wa Kazinga, Stanley alilipa jina la mwana wa malkia wa Uingereza mwaka 1889; mwaka 1973 Amin akaona jina lake mwenyewe linapendeza zaidi; alipoanguka, Edward akarudishiwa ziwa lake. Mabadiliko mawili katika miaka michache. Mawe ninayoyasema hubadilisha mahali mara mbili kabla ya chai, na hakuna serikali inayotangaza.

Nilikuwa na kijana wa kufua maji, ana dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo. Tulipofika karibu na mafunjo akaacha kufua. Mbele yetu, hatua kama kumi na tano, palikuwa na jiwe laini, la kahawia iliyoiva, limelowa. Nikalitambua mara moja, nikaelekeza omo pembeni kwa ustadi. Ndipo jiwe likatikisa sikio. La kushoto kwanza, halafu la kulia. Mimi nimelelewa na mawe ya Nyamwamba, na sijawahi kuona hata moja linalofukuza nzi.

Likazama bila kelele. Hapa mwongozo unakutaka utulie na kufikiri kwamba limekwenda. Kiboko anaweza kukaa chini dakika kama tano, na haogelei, anatembea sakafuni kama mtu anayekwenda sokoni. Uzito wake unapita tani moja. Kina kile cha meta 2.4 kilichokufurahisha kimekatwa kwa kipimo chake, si chako. Njia ya mkato inayopendekezwa kwa wageni ni kupita kando ya mafunjo alfajiri, wakati anarudi kutoka malishoni, na kukaa katikati yake na maji.

Kijana hakusema neno. Alianza kugonga ubavu wa mtumbwi kwa dumu, ko, ko, ko, ili mwenye nyumba asikie wageni wako wapi. Mimi kwa heshima nilitaka tunyamaze. Kasia lilikuwa limeshanitoka mkononi, sikumbuki saa ngapi. Tulirudi Kahendero kwa viganja vya mikono na lile dumu.

Mzee alikuwa bado kwenye wavu ule ule.

"Umeyaona mawe?"

"Nimeliona moja."

Akaukata uzi kwa meno. "Yako kumi na moja," akasema, akatafuta tundu jingine.