Kitabu Mama na Mtoto Aliye Mbali

Kwa Kihungaria, daftari la vizazi, ndoa na vifo huitwa anyakönyv. Anya ni mama, könyv ni kitabu. Cheti cha kuzaliwa basi ni dondoo ya kitabu mama. Serikali ya Hungaria ilianza kuandika yenyewe tarehe 1 Oktoba 1895; kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa viongozi wa dini. Tangu Julai 2014 daftari ni la kielektroniki, na msajili wa mji wowote nchini anaweza kutoa cheti. Raia aishiye nje hupeleka ombi lake kwa konsuli, naye konsuli hulituma nyumbani. Kwa maelezo, kazi imekwisha. Kwa vitendo, bado kuna fomu.

Fomu huanza na jina, na Wahungaria hutanguliza ukoo: János wa ukoo wa Kovács ni Kovács János. Tarehe nayo huanza na mwaka, ukafuata mwezi, kisha siku. Mwombaji aliyekulia ugenini huandika kinyume kote kuwili, na msajili hutumwa kumsaka mtu mwenye ukoo wa János aliyezaliwa Mei badala ya Machi. Jibu likirudi, mwombaji husimama dirishani, mzima wa afya, akielezwa kwa upole kwamba hajazaliwa.

Unafuata mstari wa mama. Hungaria humtambua mtu kwa jina lake, mahali na tarehe ya kuzaliwa, na jina la mama yake la kabla ya kuolewa. Aliyelelewa Mombasa na mama ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Juma hugundua ukubwani kwamba hajawahi kuliandika jina hilo kwa ukamilifu. Humpigia simu shangazi, na shangazi, kabla ya kujibu, huuliza ni nani aliyefariki. Jina likipatikana huwa la mama, la baba yake na la babu yake, ilhali kisanduku cha ukoo ni kimoja. Afisa huuliza lipi kati ya hayo ni la ukoo. Yote ni ya watu wa ukoo huo, na hakuna hata moja lililo jina la ukoo.

Mama akiwa Mhungaria, mtego hubadilika. Kwa desturi ya zamani, Szabó Anna akiolewa na Kovács János huitwa Kovács Jánosné, yaani jina zima la mume na kiambishi kifupi chenye maana ya mke. Pwani mwanamke humezwa na jina la kifungua mimba wake. Huyu humezwa na mtu ambaye hata hakumzaa. Akiomba cheti cha mzazi wake, mjukuu aliyezoea kuliona jina hilo nyuma ya bahasha za bibi hulinakili kwa fahari, na fomu hurudishwa: daftari linamtaka Anna. Ndipo mjukuu anapopata habari kwamba bibi alikuwa na jina.

Mahali pa kuzaliwa panaonekana pepesi, lakini Mkataba wa Trianon wa 1920 uliinyang'anya Hungaria takriban theluthi mbili ya ardhi yake. Babu aliyezaliwa Kolozsvár mwaka 1905 alizaliwa Hungaria. Mji huohuo leo ni Cluj-Napoca, na uko Romania. Mjukuu anayeomba cheti cha babu huelekezwa kwa Waromania, kwa kuwa babu hakuhama popote. Kilichohama ni mpaka.

Kuna pia matukio ya ugenini. Raia akizaliwa, akioa au akifariki nje ya Hungaria, tukio lapaswa kuingizwa kwenye kitabu mama, kazi ifanywayo Budapest. Bila hivyo, mwanamume mwenye mke na watoto watatu hubaki kapera machoni pa serikali yake. Akitaka talaka yake ionekane huko, ndoa nayo haina budi kuandikwa. Hivyo hutangaza harusi na mwisho wake kwa bahasha moja. Cheti cha kigeni kwa kawaida huhitaji tafsiri ya Kihungaria na uthibitisho. Nchi zilizomo katika Mkataba wa The Hague wa 1961 hubandika uthibitisho mmoja uitwao apostili. Zisizomo hupitia ngazi: wizara ya mambo ya nje huthibitisha muhuri wa msajili, na konsuli huthibitisha muhuri wa wizara. Hakuna anayethibitisha kwamba mtoto alizaliwa. Hilo huachiwa mtoto mwenyewe, ambaye kwa kawaida huwapo akilia kwenye foleni.

Hatimaye cheti huja: karatasi moja yenye jina, tarehe, mahali, baba na mama. Mwenyewe hukipeleka kwenye ofisi ya nchi anayoishi, nacho hutafsiriwa, ukoo ukarudi nyuma na siku ikatangulia mwezi. Ofisi nyingi hutaka kilichotolewa karibuni, kana kwamba kuzaliwa huchacha. Kwa hiyo mwenye busara huliandika jina la mama, lile la kabla ya kuolewa, mahali pa kuonekana, maana mwakani ataulizwa tena.