Namna ya Kuuguza Faili

Muuguzi mpya, karibu wodini. Chuoni walikufundisha kuuguza mgonjwa, jambo zuri kwa kufaulia mtihani. Mgonjwa hutapika, huuliza maswali, tena ana shangazi. Faili halina shangazi. Uguza faili, na zamu yako itakwisha salama, angalau kwa upande wako.

Anza na pumzi. Utaratibu unataka usimame kando ya kitanda, utazame kifua kikipanda na kushuka, uhesabu dakika nzima. Wodi ina wagonjwa thelathini. Hiyo ni nusu saa ya kutazama vifua vya watu. Wazoefu huandika 20 kwa kila mmoja. Namba hiyo ina hekima: mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo haimshtui daktari. Ndiyo maana mzee wa nimonia, kijana aliyevunjika mguu na marehemu wa saa kumi alfajiri wote huonekana kwenye chati wakihema sawasawa. Ni kweli kwamba pumzi mara nyingi huanza kwenda mbio kabla presha haijaanguka, na kwamba kuihesabu hakuhitaji mashine wala umeme, saa tu. Lakini habari za mapema huleta kazi za mapema.

Katika kuamua nani ahudumiwe kwanza, fuata sauti. Anayefoka pale dirishani njia yake ya hewa iko wazi kabisa. Ndiyo anayoitumia kukutukana. Mkimbilie. Yule wa pembeni aliyenyamaza, midomo ikianza kubadilika rangi, ni mstaarabu, usimsumbue. Wanaofuata vitabu hutazama njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha mzunguko wa damu, ndipo wageukie malalamiko ya shuka. Wewe tazama kwanza nani ana ndugu mkubwa serikalini.

(Kama wewe ni mwanamume, wagonjwa watakuita daktari. Usiwasahihishe, huenda ndiyo nyongeza pekee utakayoipata mwaka huu.)

Dawa zigawe kwa namba ya kitanda. Wagonjwa huhamishwa vitanda usiku, lakini namba za vitanda hazihami, na unachotaka wewe ni uthabiti. Ukilazimika kuuliza jina, ulimalizie mwenyewe: "Wewe ndiye Mwajuma, sivyo?" Mwenye homa kali hukubali kuwa yeyote. Ukimwomba alitaje jina lake mwenyewe, kisha ulilinganishe na tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili, unaweza kugundua kuwa siye, na hapo utaanza upya.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Basi andika "amegeuzwa" saa 2, saa 4, saa 6 na saa 8 kabla hujaenda kunywa chai, usije ukasahau. Kidonda kitakachoota kwenye visigino na juu ya makalio kitaandikwa na zamu nyingine. Mfuko wa mkojo uweke kitandani ubavuni mwake, juu ya kibofu, ili mkojo upate nafasi ya kurudi ulikotoka, na vijidudu vyake.

Kuhusu mikono, una ukoo mkubwa. Mwaka 1847 huko Vienna, Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wazazi. Vifo vilipungua sana, nao wakubwa wengi wa fani wakampinga. Waendeleze. Vaa glavu moja kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho: wewe umekingwa, wao wanagawana. Kusugua dawa ya mikono huchukua sekunde 20 hadi 30, na simu yako inaita.

Sindano ndiyo pekee inayonishinda kuielezea kwa mtindo huu, kwa kuwa haichomi faili. Usiirudishie kifuniko. Itupe palepale kwenye kisanduku chake, nacho kifungwe kikifika robo tatu. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni, usiminye, umwambie mkuu wa zamu papo hapo. Dawa za kujikinga na VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, na zikipita saa 72 hazianzishwi tena.