Namna ya Kuwa Mshauri Mwelekezi wa Mawasiliano Ukiwa Moshi

Kwanza hakikisha umezaliwa mapema. Inatakiwa uwe umelitumikia Shirika la Posta na Simu, lile lililozaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na uwe umekwea nguzo zake mwenyewe. Ukiulizwa habari za kompyuta, kumbusha kwa sauti ya chini kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na kwamba wewe ulikuwa ukizijua tangu hapo. Hakuna wa kukubishia.

Mwaka 1994 shirika likagawanywa, barua huku, simu kule. Hapo ndipo pa kutokea. Anayebaki hula mshahara. Anayetoka na kurudi mwezi unaofuata na mkoba wa ngozi hulipwa kwa siku, nauli juu. Baada ya hapo omba Mungu kampuni zibadilishe majina. Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel. Mobitel ikawa Buzz, Buzz ikawa Tigo, na mwaka 2024 Tigo ikawa Yas. Mnara ni uleule, mlinzi yuleyule, lakini kila jina jipya linadai tathmini ya miundombinu, nawe unayo ya zamani. Badilisha jalada.

Kuna siku utalazimika kupanda mlimani. Mteja atataka kujua kwa nini kitongoji fulani cha Kibosho hakina mtandao na mnara unaonekana hadi mjini. Jibu unalijua: mawimbi ya simu hayapendi kupinda, mteremko umekatwakatwa na makorongo, mgongo mmoja unauficha mwingine, na antena zimeelekezwa barabarani waliko wanunuzi wa bando. Jibu hilo ni sentensi moja, na sentensi moja hailipwi. Zunguka na kipimo chako migombani mpaka bibi anayekata majani ya ng'ombe akuonee huruma.

"Mwanangu, tangu asubuhi unahangaika na hiyo mashine, si ungeuliza? Simama pale kwenye mringaringa, utampata hata wa Dar."

Simama. Nukuu majira ya nukta ya mringaringa. Kwenye ripoti andika "upimaji shirikishi wa mawimbi". Ukikaribishwa mbege, kunywa. Kukataa kunaharibu takwimu.

Tarehe ya kupima ndiyo siri ya kazi yote. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, na mnara uliopangiwa wazee na wajukuu unabebeshwa nusu ya Dar es Salaam. Kwa hiyo mwenye kampuni anayependa kusikia mtandao unatosha, mpimie Machi. Diwani anayetaka mnara mpya, mpimie Krismasi. Vipimo vyote viwili ni vya kweli, ndiyo raha yake.

Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi kwenye kambi ya Horombo, Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya bahari, na mgeni sasa anarusha picha zake akiwa juu ya mawingu. Bibi bado yuko kwenye mringaringa. Wewe ongeza kwenye wasifu wako "uzoefu wa mitandao ya nyanda za juu", hata kama uliishia kwenye geti la Marangu ukanunua ndizi.

Mwisho ni malipo. Mhasibu atakuambia yamekwama kwa sababu mfumo uko chini. Usigombane naye. Peleka andiko la kuutathmini mfumo huo.