Namna ya Kufungua Chuo cha Filamu Bukoba Kabla Mfadhili Hajafika

Usingoje jengo. Hilo ndilo somo la kwanza, na ukilishindwa hakuna haja ya kusoma mengine. Kijana wa Kashai au wa Nshamba akisema anataka kusomea filamu, huelekezwa mbali. Aende Bagamoyo, kwenye taasisi ya sanaa iliyoanza kama chuo mwaka 1981, leo TaSUBa. Au avuke Mutukula mpaka Kampala, ambako Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mwaka 2004. Ukipata nauli na nafasi, nenda, tena nenda mbio. Lakini yule mzee wa kwenu anayepiga enanga, zeze la Wahaya, na kuimba tenzi za mashujaa usiku kucha hatakusubiri umalize stashahada.

Kwa hiyo chuo kinafunguliwa wiki hii, na mkuu wa chuo yupo tayari. Ni yule mpiga video wa harusi mwenye kijiofisi mtaani, mlango wa kioo umebandikwa picha za maharusi kuanzia juu hadi chini. Ingia, msalimie kwa heshima, omba kumbebea begi. Usimwambie kuwa wewe ni dairekta, na kama umeshaandikisha neno hilo kwenye fulana, vaa sweta juu yake. Mtu huyo anajua mambo ambayo hutayapata kitabuni. Shangazi wa bibi harusi akianza kulia analia mara moja tu, hakuna kumwomba arudie, kwa hiyo anajua pa kusimama kabla chozi halijatoka. Anajua kuvuta sauti moja kwa moja kwenye mikisa ya MC badala ya kuiacha kamera isikilize mvua juu ya mabati. Anajua betri ipi inadanganya. Mbebee begi msimu mzima wa harusi na utakuwa umesoma mwaka wa kwanza bila ada.

Somo la mwanga linafundishwa Novemba, senene wakianguka. Nenda usiku kwenye mtego: mabati yamesimamishwa wima, mapipa yamepangwa chini yake, taa kali imening'inizwa juu, na wadudu wanatelezea bati kwa maelfu. Jaribu kupiga hapo. Ukifungua lenzi kuwafuata watu walioko gizani, taa inaunguza picha yote ikawa nyeupe. Ukifuata taa, watu wanabaki vivuli. Utahangaika, utasogea, utazunguka nyuma ya bati, mpaka ugundue kuwa ukisimama ubavuni, ule mwanga unaorudi kutoka kwenye bati unatosha kuonesha uso wa mama anayejaza gunia. Ukiipata picha hiyo umefaulu mtihani. Wasimamizi watakulipa senene, nao ni malipo halali.

Kibali usikiruke. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976 na Bodi ya Filamu ipo kazini. Kijijini pita kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kutoa kamera kwenye begi, maana mgeni mwenye kamera ndani ya kibanja cha watu atadhaniwa mpima ardhi, na mpima ardhi Muleba hapokelewi kwa chai.

Baba akikataa, akisema filamu ni kazi ya wahuni, mwambie kwa upole: "Waitu, Rashidi Kawawa aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akawa Waziri Mkuu." Akiendelea kununa, mwongezee Josiah Kibira, mwenye asili ya hapahapa Bukoba, aliyetoa Bongoland mwaka 2003 akiwa Minnesota, halafu Tusamehe mwaka 2005. Usimwahidi uwaziri mkuu. Mwoneshe tu kuwa njia imeshapitiwa.

Sasa tufike kwenye idara ninayoipenda kuliko zote, nayo ni stoo ya kutunza filamu. Chuo cha filamu kisichokuwa na stoo kinafundisha watu kupoteza kwa ufundi mkubwa zaidi. Historia yetu iko wazi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika Usambara, Waingereza waliendesha kwa fedha za Carnegie mradi wa sinema za elimu ulioitwa kwa kifupi BEKE. Zilitengenezwa filamu 35, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi Nyasaland. Zinazojulikana kubaki ni tatu, na ziko London. Baada ya uhuru tukawa na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ikatuachia kazi kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985. Kampuni yenyewe haipo tena.

Na sisi wa Kagera tuna letu. Mwaka 1988 Peter O'Neill na Frank Muhly walitoa filamu ya The Tree of Iron, wakiwa na mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyechimba Katuruka, Maruku, na mwaka 1978 akaueleza ulimwengu kuhusu ufundi wa Wahaya wa kuyeyusha chuma. Katika kazi hiyo wazee waliojifunza ufundi huo wakiwa vijana walijenga tanuri upya, wakavukuta, wakatoa chuma mbele ya wageni. Wenye ujuzi ule walikuwa babu zetu, na filamu inasambazwa kutoka Marekani. Kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa stoo ni kuandika barua ya kuomba ioneshwe Katuruka, kwa wajukuu wa wafua chuma, tena kwa Kihaya. Sikubali mtoto wa Maruku ahitimu sekondari bila kuiona.

Halafu ingia makabatini. Kamachumu, Rubya, Kanyigo, Hamugembe, kila sebule ina kanda za VHS za miaka ya tisini zilizolazwa juu ya kabati la vyombo. Ndani yake mna harusi, misiba, kipaimara, na pembeni ya fremu mna vitu ambavyo mpiga picha hakuvikusudia: msonge uliokwisha kubomolewa, soko la zamani, meli gatini. Bukoba hunyeshewa karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na unyevu huo unakula kanda polepole. Chukua moja, bonyeza kitufe kidogo cha ubavuni, inua kifuniko, tazama ukingo wa utepe kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona weupe kama unga wa muhogo, hiyo ni kuvu. Usiitie kanda hiyo kwenye deki, kwa sababu kichwa cha deki kitaibeba kuvu na kuipaka kwenye kanda zote zitakazofuata. Itenge, iweke pakavu, mtafute fundi. Zilizo safi zisimamishe wima kama vitabu, mbali na jiko, na uanze kuzihamisha kwenye kompyuta leo. Weka nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba yako. Diski moja inayobebwa kwenye mfuko wa suruali ni msiba unaosubiri tarehe.

Kuhamisha peke yake hakutoshi. Kaa na bibi mbele ya skrini, simamisha picha, muulize ni nani huyu, wa ukoo gani, wimbo ule ni wa nani. Andika yote. Kanda isiyo na majina, baada ya bibi kuondoka, inabaki na watu wasiojulikana wakila ndizi.

Na simu zetu ni makabati pia. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipobomoa nyumba, na Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, watu walipiga picha kwa simu; siku ya ndege walizipiga kutoka ufukweni huku wavuvi wakipiga makasia kwenda kuokoa. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 hatukuwa na simu hizo mkononi. Sasa tunazo, na kila simu inayouzwa au kuibiwa inaondoka na kipande cha mkoa. Ziombe picha hizo kwa wenyewe, kwa adabu. Uliza nini kionekane na nini kifungiwe, na za waliofiwa usizirushe mtandaoni hata ukiahidiwa watazamaji milioni.

Mahafali ni rahisi. Azima projekta ya kanisa au msikiti, shuka jeupe, jenereta, spika za yule mkuu wako wa chuo, mpiga video wa harusi. Oneshea Nshamba siku ya soko ulichopiga Nshamba, kabla ya kukipeleka tamasha la Zanzibar au kwingine. Watakusahihisha hapohapo kwa sauti kubwa: umekosea jina la kijiji, umemkata mzee katikati ya methali, wimbo si wa harusi ule. Kuwa na daftari. Kesho yake rekebisha, kisha gawa nakala: moja kwa familia uliyoipiga, moja kwenye makumbusho ya Nyamukazi, moja kwenye maktaba ya mkoa, na udai sahihi ya aliyepokea.