Kasha ya Mtama

Msomaji unayeishi na binti wa sekondari na mama mkwe chini ya paa moja, sogea karibu, wewe utanielewa.

Binti yetu mkubwa, ninayemwita Profesa, alirudi likizo hapa Bariadi kichwa kimejaa habari za Wayahudi. Alianza na Abayudaya wa Mbale, Uganda, waliomfuata Semei Kakungulu kwenye dini hiyo mwaka 1919. Nikamsikiliza kwa raha. Kesho yake akahamia Ukraine na Poland, akatangaza kwamba jioni tunakula kasha varnishkes.

Ni punje za bakwiti zinazochanganywa na yai, zikakaangwa kwenye sufuria kavu mpaka ziachane, kisha zikapikwa kwa supu. Mwisho zinakutana na tambi fupi zenye umbo la kipepeo na vitunguu vilivyokaangwa kwa mafuta ya kuku. Siagi haiguswi, maana sheria ya Kiyahudi hairuhusu nyama na maziwa vipikwe pamoja.

Sasa bakwiti Bariadi utaitoa wapi? Huku kuna pamba, dengu, mpunga na mtama. Mama Profesa akaamua ni mtama, na ninamuunga mkono mpaka leo. Mtama unavumilia jua la Simiyu wakati mahindi yameshanyauka, halafu watoto wetu wanaukimbia wakidai ni chakula cha njaa.

Waziri wa Kilimo, ndiye mama mkwe, aliukubali mtama ila akaikataa haraka. Kwenye simu Profesa alisoma kwamba upishi ni wa robo saa. Huo ni wa bakwiti. Mtama mzima unaweza kumaliza saa nzima jikoni, na huu haukulowekwa. Bibi akashika mchi, akatwanga, akapepeta, huku akituhadithia njaa zote alizowahi kuziona.

Hapo ndipo yai lilipotafutwa. Profesa akalichomoa chini ya mtetea anayeatamia! Mayu we, kelele zilizopigwa pale uani zilivuta majirani. Dukani nako kulikuwa na tambi ndefu tu, basi kazi ya kuzivunjavunja akapewa kitindamimba wetu, Mchwa, akatafuna mbichi karibu nusu ya pakiti. Bado mafuta ya kuku. Kikao kikafanyika jikoni nikiwa sipo, na nilipofika jogoo wangu wa kienyeji alikuwa ameshanyonyolewa. Sikukata rufaa. Kwenye nyumba hii baba hupewa taarifa.

Chakula kikaiva usiku. Vitunguu vimekuwa vyekundu, vinanukia, kila mtu kanyamaza. Shemeji, Bwana Mtindi, akafungua kibuyu chake na kumimina kwenye sinia zima. Profesa akaruka: "Mjomba, sheria!" Waziri akamtuliza, "Mjukuu wangu, sisi Wasukuma. Maziwa hayana kesi." Mtoto machozi yakamlenga, akala hivyo hivyo, na Mchwa akaomba aongezewe mtama. Mtama! Sikuwahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake.

Kwa hiyo ndugu yangu, pika. Loweka mtama tangu usiku, tambi zichemshe kwenye sufuria yake na uziingize mwisho, vitunguu usivikaange kwa haraka. Na kibuyu cha mtindi kikae mbali mpaka Profesa wa kwako amalize kula.