Miguu Mitatu kwa Bei ya Mbuzi Wawili

Mwanamume mwenye kamera hayumo kwenye albamu ya nyumba yake. Kama nawe ndiwe mpiga picha wa ukoo, fungua yako uone. Harusi ya shemeji, humo. Ubatizo wa kitinda mimba, humo. Krismasi zote mama na watoto wamejipanga chini ya mwembe, nyuso zinang'aa kwa mafuta, na wewe ni kile kivuli kilicholala kwenye nyasi kwa sababu jua lilikuwa mgongoni mwako. Hapa kwangu mjini Wote mambo yaliharibika pale shangazi wa mke wangu alipokuja kutoka Kathonzweni na debe lake la ndengu. Alipekua albamu hadi ukurasa wa mwisho, akashusha miwani, akauliza kwa upole, "Na baba watoto, alifariki lini?" Nilikuwa nimekaa naye kochi moja.

Mke wangu hakucheka. Yeye namwita Mkaguzi, kwa maana hakuna shilingi itokayo nyumba hii bila kuandikwa daftarini, na kila bei huigeuza kwanza kuwa mbuzi ndipo aipime. Kabati la vyombo ni mbuzi wanne. Karo ya shule ni zizi zima. Usiku ule ule hukumu ikatoka: Desemba tunashuka Mombasa kwa treni kutoka Emali, na kila picha ya familia itakuwa na baba ndani. "Tafuta hiyo stendi ya kamera, Baba Mwende. Iingie kwenye begi la watoto, isizidi mbuzi wawili. Na isianguke."

Nyepesi, rahisi, isianguke. Wenye viwanda vikubwa wamezeeka wakitafuta vitu hivyo vitatu kwa pamoja. Gitzo, kampuni iliyozaliwa Ufaransa mwaka 1917, ilileta tripodi za nyuzi za kaboni mwaka 1994, na hapo wepesi na uimara vikaanza kulala kitanda kimoja. Lakini bei ilibaki chumba cha pili, na huko ndiko aliko Mkaguzi.

Kabla sijavaa viatu, Injinia alikuwa ameshapata habari. Injinia ni shemeji yangu, mdogo wake Mkaguzi. Cheo alijipa mwenyewe siku alipotengeneza pasi yetu ikawaka, na kweli inawaka mpaka leo, ila kuzima imekataa. Akasema kununua vyuma vitatu Nairobi ni kuchezea pesa wakati mafundi wa jua kali wako hapa hapa sokoni. Jioni akarudi na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na mabomba matatu ya maji yaliyochomelewa kwenye bamba, na tundu la skrubu katikati. Siwezi kumnyima haki yake: kitu kile kilikuwa imara. Ungefunga fahali pale na usirudi kumwangalia. Kukitoa mlangoni kulihitaji wanaume wawili, nao wakalipwa chai. Sasa kimebeba tanki la maji nyuma ya jikoni, na kusema kweli hakuna mtu nyumba hii anayefanya kazi kwa bidii kama hicho.

Basi tukaenda Nairobi. Nasema tukaenda, maana Mkaguzi hawezi kuniachia mimi nivuke Machakos na pesa za mbuzi wawili mfukoni. Kwenye duka la kwanza kijana akatuletea tripodi ya plastiki, nyepesi, ya kupendeza, na karatasi iliyosema inabeba kilo tano. Karatasi hizo zisikusumbue. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na wote, kila kiwanda kinajipimia chenyewe na kujipa alama. Nikavuta miguu yote mpaka mwisho, nikafunga kamera yetu, nikavuta lenzi hadi bango la duka la ng'ambo ya barabara, kisha nikakuza picha kwenye kioo cha nyuma. Nikagonga lenzi kwa kidole. Herufi za bango zikaanza kucheza. Zikacheza. Mkaguzi akaniuliza kama zitacheza mpaka tukose gari la kurudi. Kila mguu ulikuwa na vipande vitano, na kile cha chini kabisa kilikuwa chembamba kuliko kidole changu kidogo. Hiyo ndiyo siri ya tripodi nyingi za safari: ili ikunjike iwe fupi inakatwa vipande vingi, kila kipande kinaingia ndani ya mwenzake, kwa hiyo cha mwisho kinabaki mfupa mtupu, na ndicho kinachokanyaga ardhi.

Kijana alipoona uso wangu akasaidia kwa kupandisha ile nguzo ya katikati, kamera ikapaa juu. "Urefu huu, mzee, harusi yote unaiona." Ni kweli unaiona, ikitikisika. Umelipia miguu mitatu halafu unaisimamisha kamera juu ya mmoja.

Duka la pili walikuwa nayo ya kaboni. Jamani. Kilo moja na ushee, miguu inajikunja kwenda juu ikakizunguka kichwa, inalala kwenye begi bila kumsumbua mtu. Nikaigonga, mtikisiko ukafa papo hapo. Nikataja bei kwa sauti ndogo. Mkaguzi akatazama dari akipiga hesabu.

"Mbuzi saba," akasema. Kisha akamgeukia mwenye duka. "Inakamuliwa?"

Tuliyobeba ni ya aluminiamu, miguu ya vipande vinne, kichwa cha gololi kinachofungwa kwa kitasa kimoja, na ndoano ndogo chini ya nguzo ya katikati. Inakaribia kilo moja na nusu. Nilichagua ya miguu inayofungwa kwa klipu na si kwa kuzungusha, na hapo sikubali ubishi: vumbi letu jekundu likiingia kwenye ile ya kuzungusha inaanza kusaga meno, lakini klipu hata mtoto anaiona kama imefungwa au iko wazi. Bei ilifika mbuzi wawili na jogoo. Jogoo yule naambiwa habari zake mpaka leo.

Nyumbani Susu alikuwa anangoja. Susu ni nyanya yangu, na kazi yake ni kukalia kigoda chake cha miguu mitatu na kutoa kasoro. Vigoda hivyo Ukambani ni vya zamani kuliko vile vinyago vya watalii. Vilikuwepo kabla Mutisya Munge wa Wamunyu hajarudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia na uchongaji alioujifunza Tanganyika. Susu akaizunguka tripodi yangu, akaisukuma kwa fimbo, ikayumba. "Imebana mapaja," akasema. "Kitu cha miguu mitatu hakiogopi mabonde, kinaogopa kubana mapaja." Akainama, akanionyesha chini ya kigoda jinsi kila mguu ulivyochongwa ukatoka nje. Nikatafuta vile vidude vya juu ya miguu, nikavibonyeza, miguu ikapanuka hatua moja, kamera ikashuka. Akasukuma tena. Haikuyumba. "Sasa ipe mzigo," akasema, "mbona mnainunua nyepesi halafu mnataka iwe nzito?"

Ndiyo kazi ya ile ndoano. Unabeba kitu chepesi safarini, ukifika unakitwika uzito wa huko huko. Tukaning'iniza kiondo cha Susu, na kwa kuwa ilikuwa Desemba na maembe yameanza kuiva, tukakijaza ngowe. Ujanja ni mmoja: kiondo kiguse ardhi kidogo, la sivyo upepo unakigeuza bembea.

Jaribio tukalifanyia Nzaui, kwenye mlima, tuone jabali na bonde lote pamoja. Upepo wa kule juu haukuomba ruhusa. Nikapanga ukoo: Susu kwenye kigoda chake (ndiyo, kilipandishwa mlima, na aliyekibeba ni mimi), Mkaguzi nyuma, Injinia na miwani ya jua, binti yangu Spika, anayeongea mpaka usingizini, na Kitinda, mwanangu wa mwisho. Nikabonyeza kitufe, kamera ikaanza kuhesabu sekunde kumi, nikakimbia mahali pangu. Ya kwanza Injinia alifumba macho. Ya pili Spika alikuwa anahutubia. Kila mara nilirudi, nikatazama kioo, nikabonyeza tena, na kila mara picha ilikuwa na ukungu zaidi kuliko iliyotangulia. Nikakagua klipu. Nikakaza gololi. Nikazima ile mitambo ya lenzi inayotuliza mkono, maana kamera ikishasimama yenyewe mara nyingine mitambo hiyo hutafuta mtikisiko usiokuwepo.

Kumbe uzito ulikuwa unaliwa. Kila nikigeuka kukimbia, Kitinda ananyemelea kiondo. Nilipomwona, alikuwa na kokwa mkononi na juisi mpaka kwenye viwiko, na kiondo kimenywea kama kibofu. Upepo ukaja. Tripodi ikainua mguu mmoja taratibu, kama ng'ombe anayetaka kumpiga mkamuaji teke, na sote tukapiga kelele, na aliyeidaka alikuwa Susu, kwa ndoano ya fimbo yake, bila kuinuka.

Tukajaza mawe. Picha ikatoka kali, mimi ndani. Mombasa nayo ilikwenda vizuri, sina la kusimulia.

Lakini Januari Injinia aliazima tripodi siku moja kwa ntheo, sherehe ya ndoa ya Kikamba, ya rafiki yake. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi Emali, halafu mahafali. Nilipoiulizia, Mkaguzi akafungua daftari. Kumbe inakodishwa: kwa siku, kwa nusu siku, na amana ya mwenye kuivunja. Safu ya mapato ilikuwa imeshamrudisha jogoo na ilikuwa inamkaribia mbuzi wa kwanza.

"Nilitaka kupiga picha ya mwezi kesho usiku," nikasema.

Akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Kesho imechukuliwa. Jumanne ipo. Unalipa nusu sasa, Baba Mwende, au unaacha kitambulisho?"